Mzaramo Aliyeondoka na Koti Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Urambo na vijiji vyake vyote! Na asifiwe pia na sisi ambao haleluya yetu hutoka taratibu kwa sababu bado tunaitafakari.

Mimi ni Nyamizi, binti wa mzee Kapela, mkulima wa tumbaku. Wengi mnanikumbuka kama yule mtoto aliyemuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili kwamba, kwenye gharika, samaki waliadhibiwaje, akaambiwa atoke nje akawaulize kuku. Nilipokwenda chuo kikuu mlidhani maswali yatakwisha. Yaliongezeka. Nikirudi likizo nilikuwa nakaa benchi la nyuma, nasikiliza shuhuda zenu, na moyoni nauliza: nani aliona? Nani alipima? Na kama angepona bila maombi, tungejuaje?

Jumapili iliyopita nilisimama mbele yenu kushuhudia nikashindwa kumaliza, na mliokuwepo mnajua kilichonipata. Mzee wa kanisa ameniomba niandike, ili wasome na wale waliokuwa mashambani. Nakubali kwa furaha. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza kwa pambio nikifika penye jambo gumu.

Jambo gumu lenyewe naliweka hapa mwanzoni. Huu ni ushuhuda wa mtu mwenye wivu. Sisemi aliyekuwa na wivu. Mwenye wivu, hata leo asubuhi. Bwana ameniokoa na kifo, lakini huo ameniachia, na sababu anaijua mwenyewe.

Ndugu zangu, nyumbani kwetu bani la kukaushia tumbaku liko karibu na jiko. Mnayajua maisha hayo. Msimu ukifika moto hauzimwi, moshi unalala uani kama mbwa wa nyumbani, na watoto wanakota joto ukutani. Majani yakishakauka tunakaa wote kuyachambua na kufunga mitumba, vumbi linaingia puani, kila mtu anakohoa, na hakuna anayeita kule kukohoa ugonjwa. Mimi kukohoa kwangu hakukwisha. Kifua kilibana, pumzi ikawa inatoka na mluzi. Kwenye kituo cha afya waliniambia ni pumu, wakanipa kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo. Mama akakifunga kwenye kipande cha kanga.

“Mwanangu, hili usilitangaze,” aliniambia. “Watasema una kifua. Na msichana mwenye kifua anaolewa na nani?”

Mama alikuwa na sababu yake, nami nikawa na yangu. Tumbaku ndiyo iliyoninunulia sare, ndiyo iliyonipeleka chuo. Kusema kifua changu kimeharibika ningekuwa kama namnyooshea kidole baba yangu, ambaye mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani yale kwa ajili yangu. Siwezi kuthibitisha kuwa ni bani. Nimesoma takwimu, na najua kwamba mambo mawili yakifuatana si lazima moja liwe limelizaa jingine. Lakini najua msimu uliokuwa ukinibana. Basi nikajizoeza kujibu neno moja: mzima. Hata ukinikuta nimeinama nimeshika magoti, natafuta hewa, ukiniuliza, mimi mzima.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Ujerumani kusoma shahada ya pili. Mlinifanyia maombi hapa hapa, mkaniimbia, mkanipa kitambaa cha kichwa na asali. Kichupa nilikificha ndani ya soksi.

Sasa, mtu aliyeniponza na kuniokoa ni mmoja, na nilimkuta siku ile ile nilipofika. Nilipanda ngazi za hosteli na mabegi yangu, nikaingia kwenye jiko tulilokuwa tukitumia wanafunzi wa ghorofa ile, na pale kwenye jiko la umeme alikuwa amesimama msichana mwenye mtandio wa njano, anakaanga samaki kana kwamba yuko kwao. Alisikia Kiswahili changu kwenye simu, akageuka.

“Wa wapi wewe, dada?”

“Tabora.”

Aliweka mwiko chini akapiga kigelegele mpaka Mchina mmoja akafungua mlango kuchungulia. “Mpagazi amefika! Mzigo umeutua wapi?”

Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, jina lake Mwanahamisi. Mtani wangu! Vijana mliozaliwa juzi labda mmesahau, lakini sisi Wanyamwezi tumetaniana na Wazaramo tangu misafara ya pembe za ndovu ilipotoka hapa kwetu kwa miguu hadi pwani. Nikamjibu inavyopasa: “Nimeutua mlangoni kwenu. Ubebeni wenyewe, kama mtaweza kuacha ngoma.”

Kabla sijakaa alikuwa ameshafungua begi langu. Akatoa matobolwa ya mama, vile viazi vya kukaushwa, akatoa na asali yenu, akavifungia kwenye kabati lake. “Ushuru wa njia,” alisema. Mnaijua sheria. Mtani akichukua chako hukasiriki, na ukikasirika umejiaibisha wewe. Nilicheka. Usoni nilicheka.

Ndugu zangu, nitawaambia nilichomwonea wivu Mwanahamisi, ili mjue kuwa sifichi. Alikuwa na udhamini kamili. Mimi baba alikuwa akiniongezea kutoka shambani. Alijua Kijerumani kibovu kuliko changu, lakini watu walimwelewa, kwa sababu hakuogopa kukosea. Alikosea, akacheka, dereva wa basi naye akacheka, mambo yakaenda. Mimi nilitunga sentensi sahihi kichwani mpaka basi likaondoka. Wivu wangu ulifika mbali. Nilimwonea wivu hata swala yake. Alitandika mswala kati ya meza na kitanda, akainama, akainuka na uso uliotulia kama mtu aliyekunywa maji. Mimi nikipiga magoti nilikuwa nabishana. Nikajiuliza kwa nini Mungu, kama yupo, anamjibu huyu kwa utulivu na mimi ananijibu kwa maswali mengine. Nilipima kila kitu changu kwa rula yake, na kila siku nilikuwa mfupi.

Ikaja habari ya bima ya afya.

Kule mwanafunzi hasajiliwi chuoni bila bima. Si kama huku, ambapo mtu huanza kuifikiria akiwa ameshalazwa. Mgeni anawekewa njia mbili. Ya kwanza ni bima ya umma. Hiyo inampokea mwanafunzi kijana yeyote, haimuulizi anaumwa nini wala ameanza lini. Ya pili ni bima za makampuni binafsi. Nyingi ni nafuu kwa kijana, nazo zina maneno matamu sana, ila zina masharti. Na ukishaikataa ile ya umma kwa ajili ya hizi, hurudi tena mpaka masomo yaishe. Mlango unafungwa nyuma yako na ufunguo hauko kwako.

Mwanahamisi alikuwa kwenye bima ya umma. Kadi yake aliitupa mezani pamoja na vitunguu, wala haikumshughulisha. Mnaona basi nilikokuwa naelekea? Kila alichochagua yeye, mimi nilitaka cha pembeni yake, kilicho juu kidogo.

Kulikuwa na kaka mmoja wa Afrika Mashariki, tumwite Deo, aliyekuwa akiuza bima kwa wageni. Si mtu mbaya, na mtaona. Alinieleza kwamba kwenye bima yake ningeonwa na daktari bingwa, nisingekaa foleni, na kwa afya yangu ningelipa kidogo. Daktari bingwa! Nikajiona niko kliniki ya kifahari, na Mwanahamisi amekaa kwenye benchi la watu wote, ananiuliza, “Wewe umepitaje?” Hilo tu nililitaka. Siku moja tu, yeye aniulize mimi.

Na hapa ndipo ninaposhangaa mpaka leo. Mimi, mtoto wa maswali, niliyemhoji mwalimu habari za samaki, sikuuliza swali moja: mtu aliyekuja na ugonjwa wake kutoka kwao, bima hii inamlipia? Sikuuliza kwa sababu kuliuliza ni kuutaja. Wivu ulinishika kiuno, na ile kanga ya mama ikanifunga mdomo. Nikapanga na Deo nikatie sahihi siku iliyofuata mchana, kwenye mkahawa wa stesheni. Jioni yake angesafiri. Na kesho yake ilikuwa mwisho wa kusajiliwa chuoni.

Asubuhi ya siku hiyo baridi ilikuwa kali. Ilikuwa mwezi wa kumi, wakati ambapo hapa kwetu ardhi inawaka na tunatazama mawingu. Nilikuwa na koti moja tu la maana, zito, jeusi, na pasipoti nilikuwa nimeshaiweka mfukoni mwake tayari. Nikalitundika kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, nikamimina chai. Nilipogeuka, Mwanahamisi alikuwa amelivaa.

“Limenipenda hili,” alisema, akizunguka kama bibi harusi.

“Mwana, vua. Nina miadi.”

“Miadi na yule muuza bima? Leo hubebi mzigo, mpagazi. Pumzika.”

“Vua koti langu!”

“Lako? Limeandikwa wapi? Nenda kanishtaki kwa mtemi wenu!” Akafunga vifungo mpaka shingoni, akatoka.

Nilimkimbilia nikiwa na kanga na ndala. Nilimsikia anashuka ngazi huku anaimba. Nilipofungua mlango wa nje, upepo ule uliniingia kifuani kama kisu, nikashika ukuta, nikakohoa mpaka machozi. Sikuweza kupiga hata hatua moja barabarani. Ndugu zangu, nilirudi ndani nikapiga meza! Nilimtukana matusi ambayo si ya utani. Bila koti singefika stesheni, na bila pasipoti hata ningefika isingesaidia. Mchana ulikuja ukapita. Nikamtumia Deo ujumbe, akanijibu kwamba treni yake haingoji, pole.

Nikampigia baba simu nikilia kwa hasira.

“Shikamoo, baba. Mzaramo ameniibia koti.”

“Marahaba, mama. Ameiba au amechukua?”

“Tofauti yake nini?”

“Tofauti ni kubwa.” Alikuwa anacheka, nasikia na kuni zinavyopasuka nyuma yake. “Zamani, mwanangu, mpagazi akiugua njiani, msafara haukumngoja. Aliachwa kwa watani mpaka apone, na akifa wao walimzika. Mtu hakuogopa njia kama njiani ana watani.”

“Na gharama za huyo mgonjwa alilipa nani?”

“Walilipana matusi,” baba alisema. “Mpaka leo hatujamaliza kulipana.”

Sikucheka. Nilimwona baba naye amehamia upande wa Mwanahamisi, hata hajamwona sura.

Jioni alirudi, amelivaa vile vile. Alilivua, akanitundikia mabegani kama mtu anayemfunika mtoto.

“Yule Deo ulimwambia habari za kifua chako?”

“Kifua changu kina nini?”

“Kinapiga honi kama treni inaingia Tabora, ndicho kilicho nacho! Kila nikikaanga pilipili unatoka nje umeziba mdomo, unajidai unapokea simu. Mimi nina masikio, Nyamizi. Leo nimempigia huyo kaka yako. Nikamuuliza, mtu aliyekuja na pumu yake kutoka kwao, bima yako inamlipia pumu? Akasema hapana, ugonjwa mtu aliokuja nao haulipiwi. Nikamuuliza, na akitaka kurudi bima ya umma? Akasema hapana, mpaka amalize masomo. Sasa, kesho mimi na wewe tunakwenda kwenye bima ya umma. Na ukibisha nachukua na viatu.”

Je, nilimshukuru? Sikumshukuru. Nilimwambia anapenda kuingilia mambo ya watu. Kilichoniuma zaidi si kwamba alijua siri yangu. Kilichoniuma ni kwamba aliuliza yeye. Swali lile lilikuwa langu! Maswali ndiyo mali pekee niliyokuwa nimebaki nayo, nalo alilichukua pamoja na koti.

Kesho yake tulikwenda, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine, na njiani alinichimba mpaka akajua habari zote za utotoni na za bani. Mama mmoja nyuma ya dirisha aliniuliza jina, umri, na ninakaa wapi. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kusema “mzima”, na hakuna aliyeniuliza.

Sasa sikilizeni uovu wa moyo, maana huu ndio unaowafanya watu kama mimi wahitaji wokovu kuliko wanavyokiri. Majira yote yale ya baridi niliomba nisiugue. Sikuomba kwa kupenda uhai. Niliomba ili Mwanahamisi aonekane alijisumbua bure. Nilitaka nimalize mwaka mzima kadi ile haijatumika, nimrushie mezani niseme, “Haya, umeona?” Na ili ushahidi wangu uwe safi, niliacha hata kuvuta dawa. Kichupa nilikirudisha kwenye soksi, soksi chini ya godoro. Nilikuwa tayari kushinda ubishi huku nakosa hewa.

Theluji ilipoanguka nilikuwa kituo cha tramu, mchana kweupe, nakwenda darasani. Mwanahamisi alikuwa amepitiwa na usingizi, alikuwa bado hosteli ng'ambo ya barabara. Kwanza nilihisi kama mtu amenifunga mkanda kifuani. Nikasema itapita. Mkanda ukakazwa. Nikajaribu kuvuta hewa, ikaingia ya kijiko. Mluzi ukaanza, kisha mluzi wenyewe ukanyamaza, na ndugu zangu, mwenye pumu anajua kwamba mluzi ukinyamaza kabla hujapata nafuu, hapo ndipo pa kuogopa. Watu walinizunguka wakanisemesha. Yule mwenye sentensi sahihi hakuwa na hata neno moja.

Nilimwona kwa mbali anakuja anakimbia kwenye theluji na ndala, mtandio umemwanguka shingoni. Alikuwa ameniona kutoka dirishani kwake. Hakutania. Mara ya kwanza tangu tujuane, hakutania. Alipiga simu, akapiga kelele kwa kile Kijerumani chake kibovu, na watu wakamwelewa. Gari la wagonjwa likaja.

Hospitali nilifungwa barakoa ya mvuke wa dawa. Daktari akaniinamia, akaniuliza nina ugonjwa gani na ulianza lini. Mnajua nilimjibu nini, chini ya barakoa, midomo ikiwa imebadilika rangi? Nilitikisa kichwa. Sina. Mimi mzima!

“Muongo huyo!” Mwanahamisi alisema kwa Kiswahili, kisha akamgeukia daktari akamweleza kwa lugha yao: pumu, tangu mtoto, moshi, tumbaku. Lile neno tumbaku walilielewa bila kutafsiriwa. Nilisikia siri yangu yote inasemwa kwa sauti kubwa kwenye chumba chenye taa nyeupe, na hakuna aliyenidharau. Daktari aliitikia tu, akaongeza dawa. Muuguzi aliomba kadi, Mwanahamisi akaitoa kwenye mfuko wa koti langu, na hakuna aliyerudi kutuuliza kitu. Nililazwa, nikatibiwa, nikapewa dawa za kwenda nazo na daktari wa kunifuatilia. Nilirudi darasani nikiwa hai. Bwana asifiwe! Hapa niliisema haleluya bila kuitafakari.

Lakini mimi ni mimi. Nilipopata nguvu nilitaka kupima muujiza wangu. Nikampigia Deo.

“Kaka, kama ningetia sahihi siku ile, ingekuwaje?”

“Ungelipa mwenyewe, dada, yote,” alisema. “Na pengine masomo yangekushinda ukarudi nyumbani.”

“Sasa mbona hukuniuliza kama naumwa?”

“Nilikuuliza. Nilikuuliza wazi kama una ugonjwa wowote. Ukacheka, ukaniambia, ‘Sisi tulibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka baharini, tutaugua nini?’”

Na ni kweli. Nilisema hivyo. Nilijivika mabega ya babu zangu ili nifiche kifua changu, na sikuwa nimejua bado alichokuja kuniambia baba, kwamba hata wale babu waliugua, na waliokolewa kwa kuwa hawakuona haya kuachwa mikononi mwa watani.

Sasa mniambie, ndugu zangu, ni Mungu au ni utani? Nimeligeuza swali hilo huku na huku. Sikuona nuru. Sikusikia sauti. Koti lilichukuliwa, basi. Tunasoma katika Neno habari za kijana aliyevuliwa kanzu na ndugu waliomwonea wivu. Kwangu mimi ilikuwa kinyume: mwenye wivu ndiye aliyevuliwa, na aliyeonewa wivu ndiye aliyevua. Mimi naamini Bwana alikuwemo katika ule mkono. Siwezi kuthibitisha, kama nisivyoweza kuthibitisha habari za bani. Lakini najua mlango uliokuwa unataka kufungwa nyuma yangu, na najua nani aliuzuia kwa mguu. Na bado, niwaambie ukweli, naona gere. Ninyi mna shuhuda za kwenu, mlizozipata mkiwa peke yenu na Mungu wenu. Wa kwangu umepita kwa Mwanahamisi. Hata muujiza wangu una alama za vidole vyake.

Amenifuata mpaka huku, mnajua. Tumekuja pamoja likizo hii, yeye akiwa na nazi za Kisarawe kwenye kiroba. Siku ya kwanza tu mama alimwita “mwanangu”. Siku iliyofuata akampa kile kitenge cha zambarau alichoniahidi mimi tangu sijaondoka. Yeye na baba wanakaa uani wanatukanana mpaka jirani anakuja kuamua. Mimi nawapikia.

Jumapili iliyopita alisema atanisindikiza kanisani, akakaa benchi la mlangoni na mtandio wake wa njano na kitenge changu. Nikaitwa. Nilipanga kuwaeleza habari za bima na kuokolewa kwangu, ila neno pumu nilikuwa nimeshaamua kuliruka. Ningesema “niliugua ghafla”. Mbele yangu walikaa akina mama wote wanaochambua tumbaku, na baba yangu, na mikono yake. Ni msimu. Nguo zenu zilikuwa zimekuja na vumbi la mabani, kama zangu. Nikaanza kusema, nikafika kwenye theluji, na mkanda ukanikaza.

Mmoja wenu akaanzisha pambio, akidhani ni machozi. Nilipapasa mfukoni, kichupa hakimo, nimekiacha nyumbani, kwenye soksi. Nilikuwa nimerudi kwenye tabia yangu ya zamani mara tu nilipokanyaga Urambo.

Ndipo nilipomwona Mwanahamisi anakuja katikati ya mabenchi, hana haraka, ameinua kichupa juu ya kichwa chake ili kanisa zima likione.

“Mpagazi,” alisema, “umesahau mzigo wako.”

Mlicheka, nami nikakipokea, nikakitikisa, na mbele ya mchungaji, mbele ya wazee, mbele ya kila mama mwenye kijana wa kuoa, nikavuta. Nikashusha pumzi, nikavuta tena. Nilipoinua macho nilimtazama baba kwanza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameishika mikono yake, anaitazama. Na kule nyuma nilimwona mama mmoja amemgeuza mwanawe mdogo, amemwekea sikio mgongoni, anasikiliza.

Ni kwa ajili ya sikio lile nimekubali kuandika. Namshukuru Bwana aliyenipa pumzi ya kuwaambia haya. Namshukuru baba kwa tumbaku yake iliyonisomesha, na namwomba watoto wasilale tena karibu na bani. Namshukuru Mwanahamisi, na inaniuma kuandika hivyo, lakini naandika. Na wewe unayekwenda ugenini, au unayebaki hapa hapa na unafikiria kukata bima, usichague kwa kumtazama jirani ana nini. Taja ugonjwa wako kwa jina, kisha uulize. Ukiulizwa kama u mzima na wewe si mzima, sema. Aliyekuumba anajua tayari, na yule unayemwonea wivu huenda naye anajua. Mwaminini Bwana, ndugu zangu, hata siku atakapopita mbele yenu amevaa koti lenu wenyewe.

Na kuhusu kile kitenge, mama, bado nasubiri. Amina.